Mvumo wa Ilimba Nilioukata

Mzee mmoja wa Kigogo alinipigia ilimba kwenye chumba changu cha kupanga hapa Dodoma. Kila chuma alichogusa kilifuatwa na mvumo, kama nyuki ndani ya kopo. Nikafanya nilivyofundishwa: nikapandisha masafa membamba, nikayatembeza mpaka yalipouma masikio, hapohapo nikayashusha. Safi kabisa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, utando wangu umeupeleka wapi?"

Kumbe mvumo ule hutengenezwa. Ubao wa ilimba hutobolewa, tundu likafunikwa kwa utando wa mayai ya buibui; chuma kikipigwa, utando hutetemeka. Mimi nikaona uchafu.

Ikwaliza haikuzaliwa studio. Ilitoka kwenye simu: waya mrefu hula sauti nyembamba zaidi ya nene, mafundi wakatafuta namna ya kuzisawazisha, na jina lenyewe lasema hivyo. Baadaye, mwaka 1972, Mmarekani George Massenburg akaeleza ikwaliza inayomwachia fundi achague masafa, upana wake na kiasi cha kukata. Tangu hapo kukata kukawa kama upasuaji. Kata besi isiyo na kazi chini ya hezi 80, punguza tope la hezi 300, vyombo vipishane. Ni ushauri mzuri, sijauacha.

Lakini ushauri huo haukupigiwa hesabu kwa Wagogo. Ngazi ya muziki wao hufuata mazidisho ya sauti moja ya msingi. Chukua msingi wa hezi 100: noti zinaangukia 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Ile ya 700 haimo kwenye kinanda cha Kizungu. Inakaa katikati ya vidole, na sikio lililolelewa na kinanda huisikia kama imekosewa. Ukiikata, msomaji, umeng'oa jino zima.

Nikarudi kwa Hukwe Zawose. Alizaliwa 1938 kijiji cha Doduma, Nyerere akamleta Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Albamu yake Chibite ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Isikilize kwa hedifoni, siyo spika ya simu: mvumo umo. Watu wenye mashine ambazo mimi nitaziona kwenye picha tu waliuacha!

Basi nikafungua faili upya. Nikakata ngurumo ya malori, nikakata feni (feni ilistahili). Utando nikaurudisha wote. Mzee alipokuja, nilimwamkia "Mbukwa" kwa aibu, nikamwekea. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Sasa upandishe kidogo," akasema.