Je, Watabaki? Uvumi wa Uhamisho Tangu Siku za Raizoni na Kandambili



Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya historia ya michezo, nami nimechagua jambo lililotukosesha usingizi bwenini kuliko aljebra: nani anahama na nani anabaki. Vijana wa siku hizi, kila dirisha la usajili linapofunguliwa, hudhani uvumi huu wameuanzisha wao. Sisi tuliukuta, tukauongezea chumvi.

Kwa wasiozijua pande zetu, Ikinga iko wilayani Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Wakati huo tulikuwa watu wa Mkoa wa Mbeya; Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016. Gazeti la Uhuru lilitufikia likiwa limezeeka siku kadhaa, na mara nyingine tulilisoma likiwa tayari limefungiwa chumvi dukani. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha michezo. Habari zilikuja vipande vipande, na palipokosekana kipande kila mtu alijaza cha kwake. Utingo wa lori lililotoka Tunduma alisikilizwa kama waziri.

Sasa turudi nyuma. Agosti 1974 Yanga iliifunga Simba mabao 2-1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, wafungaji wakiwa Gibson Sembuli na Sunday Manara. Januari 1975 timu hizo zikakutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Yanga ikashinda 2-0, na wafungaji ni wale wale wawili. Manara tulimwita "Kompyuta", ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuiona kompyuta yenyewe. Mimi nilikuwa Yanga, sifichi. Nilidhani timu ile itadumu kama mlima.

Haikudumu. Mgogoro ukazuka ndani ya klabu, na mwaka 1976 Yanga ikapasuka vipande viwili. Waliobaki waliitwa Kandambili, waliojitenga wakaitwa Raizoni, kwa jina la vile viatu vya kisigino kirefu vilivyopendwa na vijana wa mjini. Majina hayo peke yake yalieleza mambo mengi: wazee na vijana, waliozoea na waliotaka mapya. Raizoni ndio waliounda Pan African, na nyota wengi waliondoka nao, wakiwamo Jella Mtagwa na Leodegar Tenga.

Ndugu msomaji, hebu fikiria sisi tulio mbali na Dar es Salaam kwa safari ya usiku na mchana, tukijaribu kujua ni nani yuko wapi. Leo tunasikia Mtagwa ameondoka, kesho tunaambiwa amerudi, keshokutwa kwamba hakuwahi kuondoka. Mwenzangu mmoja wa kitanda cha juu alishikilia kwamba wote watarudi Jangwani kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa "mtoto hamkimbii mama". Mimi, kwa uchungu, nikasema hawarudi. Tukawekeana dau la uji wa asubuhi, wiki nzima. Msicheke, uji wenye sukari miaka ile haukuwa kitu kidogo.

Jibu lilikuja tarehe 19 Julai 1977. Simba iliifunga Yanga mabao 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja tulijifunga wenyewe kwa mguu wa Selemani Sanga. Wana-Simba watasema ulikuwa uhodari wao, nami sitawanyang'anya, kwani walichukua ubingwa wa nchi mfululizo tangu 1976 hadi 1980. Lakini mtu aliyeishi wakati ule anajua kwamba Yanga iliyofungwa siku ile ilikuwa imekwisha ondokewa na wachezaji wake. Nilikula uji wa mwenzangu siku tatu, na kila nilipomeza nilitamani dau lingekuwa lake.

Je, wale walioondoka walikuwa wasaliti? Ndivyo tulivyowaita, na kwa maneno makali zaidi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Leo sioni hivyo. Mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji hakuuzwa wala hakununuliwa. Aliishi kwa kibarua au kazi aliyotafutiwa, na goti likivunjika alibaki na hadithi tu. Tulimdai uaminifu wa maisha bila kumlipa hata nauli. Wale waliojitenga hawakuiangusha nchi pia. Agosti 1979 Taifa Stars ilipokwenda Ndola na kutoka sare 1-1 na Zambia, kwa bao la Peter Tino, ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980, nahodha alikuwa Tenga huyo huyo. Miaka mingi baadaye, Desemba 2004, akachaguliwa kuwa rais wa TFF. Na Pan African ikawa bingwa wa nchi mwaka 1982. Manara naye alikuwa amevuka mbali zaidi: mwaka 1977 alikwenda kuchezea Heracles ya Almelo, Uholanzi, wakati ambapo Mtanzania kucheza mpira wa kulipwa Ulaya lilikuwa jambo la ndoto.

Lakini kuna upande wa pili unaotugusa sisi wa nyanda za juu kwa karibu zaidi, na ambao watu wa Dar es Salaam huusahau. Kwao swali ni kama nyota atakwenda Simba au Yanga. Kwetu swali lilikuwa ataondoka lini. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, jirani zetu wa Rungwe, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji mdogo wa chai na ndizi iliwapita wakubwa wote. Nakumbuka furaha ile ilivyovuka milima hadi Ileje, hata watu wasiojua offside walijiita Stars. Ubingwa ule haukurudi tena. Kijana wa Tukuyu Stars, Sekilojo Chambua, akaja kuwa mmoja wa viungo hodari kabisa wa Yanga katika miaka ya 1990. Mimi mwana-Yanga nilimshangilia, kisha nikaona aibu kidogo, kwa sababu nilijua ametoka wapi na nani amebaki bila yeye.

Mbeya City ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza. Tukaanza kuhesabu tena. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga.

Ya karibuni mnayajua. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, wengi wakalalamika. Mwaka 2015 wakatwaa ubingwa wa Afrika, na Januari 2020 akafika Aston Villa. Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022, nchi nzima ilibishana miezi sita, hadi Rais Samia mwenyewe akaitaka klabu iyamalize. Juni 2023 akaenda Azam. Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, mjukuu wangu alikataa chakula cha jioni. Nilimwambia kwamba mimi, kwa msiba kama huo, nilikula cha mwenzangu.

Mwenzangu huyo wa kitanda cha juu bado yu hai, na amethibitisha kwamba atahudhuria mkutano wetu. Ninamdai uji wa siku nne. Mwaka ule alikataa kuumalizia, akidai kwamba Tenga bado anaweza kurudi.