Matunzo ya Dampo

Dar es Salaam imefunga madampo mengi. La Tabata lilifungwa mwaka 1991, baada ya wakazi kuishitaki Halmashauri ya Jiji katika kesi ya mwaka 1988 na Mahakama Kuu kuwapa haki. Baadaye malori yakahamia Vingunguti, yakaenda Mtoni kule Temeke, yakapita Kigogo bondeni, na leo yanapanda Pugu Kinyamwezi. Kila yalipohama tuliambiwa dampo la nyuma limefungwa, nasi tukaridhika.

Kitenzi hiki, kufunga, kimetuponza. Ukifunga duka, shughuli imekwisha. Dampo halina komeo. Masika yakianza, maji ya mvua hupenya kwenye taka, yakaosha kila kilichooza, yakatokea chini yakiwa meusi, yenye amonia, chumvi na metali nzito, yakielekea bondeni kwenye visima na mito. Taka zilizofukiwa pasipo hewa nazo huendelea kuoza na kutoa gesi, karibu nusu yake methani. Gesi hiyo ikijikusanya chumbani hadi kufikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyomo, njiti moja ya kiberiti inatosha kulipua nyumba. Ardhi yenyewe hutitia, tena si kwa usawa: pembe moja ya nyumba inashuka, nyingine imebaki juu, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha. Anayechimba msingi mahali kama hapo hafiki mbali kabla jembe halijanasa mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini iliyofukiwa zamani haikuoza; ukiikung'uta udongo unaweza kukuta maandishi yake bado yanasomeka.

Kazi ya kulihudumia dampo baada ya lori la mwisho kuondoka Waingereza huiita aftercare. Wengi wakitaka kuisema kwa Kiswahili hukimbilia "uangalizi" au "ufuatiliaji". Sikubaliani nao. Uangalizi ni kazi ya macho, na mtu anaweza kuangalia huku amekaa. Ufuatiliaji ni kupima: kuchota maji ya kisima kilicho upande wa juu wa dampo na cha upande wa chini, kuyalinganisha, kuandika, na kurudi tena baada ya miezi kadhaa. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mikono: kuziba nyufa za udongo uliofunika taka, kuzibua mitaro kabla ya mvua, kung'oa miti ambayo mizizi yake inatoboa kifuniko, kuvuta maji meusi kabla hayajafika mtoni, kukarabati mabomba ya gesi.

Neno ninalolipendekeza ni matunzo. Kila Mtanzania analijua kutoka ofisi za ustawi wa jamii, ambako mama huenda kudai matunzo ya mtoto. Ndoa imevunjika, baba amehamia mji mwingine na ana nyumba nyingine, lakini wajibu wake kwa mtoto haujavunjika. Matunzo yana mdaiwa anayejulikana, yana kiasi, yana muda. Dampo lililofungwa linahitaji hayo matatu hasa, na uangalizi hauna hata moja. Basi tuseme matunzo ya dampo, na ufuatiliaji tuuweke ndani yake kama sehemu ya kazi. Yale maji meusi tusiyaite majitaka, kwa sababu majitaka ni ya vyooni na yana mfumo wake. Mimi huyaita mchuruziko wa taka.

Muda wenyewe ni mrefu. Sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya zimezoea kuhesabu miaka 30 tangu dampo kufungwa, nayo Ulaya inaihesabu kuwa kima cha chini. Hapa ndipo penye ugumu wetu. Halmashauri iliyoshindwa kesi ya Tabata ilivunjwa mwaka 1996, ikaja Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaanzishwa manispaa za Ilala, Temeke na Kinondoni, na juu yake Halmashauri mpya ya Jiji. Nayo ikavunjwa Februari 2021, Ilala ikawa ndiyo jiji. Mdaiwa amebadilika mara tatu na dampo liko palepale.

Mtoni ndiko tulikokaribia matunzo zaidi. Dampo lilifunikwa kwa udongo, visima vya gesi vikachimbwa, gesi ikavutwa na kuchomwa kwa ushirikiano na kampuni ya Italia. Mwaka 2007 mradi huo ukawa wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa katika Utaratibu wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto. Ilikuwa kazi ya maana, na ninaiheshimu. Lakini fedha zake zilitegemea kuuza punguzo la hewa ya ukaa, na gesi ya dampo hupungua mwaka hadi mwaka, wakati mchuruziko unaendelea. Mtoto hatunzwi kwa sababu ana kipato. Fungu la matunzo litengwe kwenye ada za taka wakati dampo bado linapokea malori, maana likishafungwa hakuna atakayelilipia. Pugu Kinyamwezi bado linapokea, kwa hiyo nafasi ipo.

Nawe unayeishi karibu na dampo la zamani, Temeke au Kinondoni, usinywe maji ya kisima kabla hayajapimwa. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize kwa neno hilohilo: matunzo ya dampo letu yako kwa nani?