Kristo Mkombozi wa Corcovado: Kazi ya Mikono Mingi

Mwaka 1888 binti mfalme Isabel wa Brazili alitia sahihi sheria ya kuwaweka huru watumwa wote nchini mwake. Wapo waliotaka kumjengea sanamu kwenye kilele cha Corcovado, mlima wa mita 700 na zaidi juu ya jiji la Rio de Janeiro. Akakataa. Kama ni sanamu, alisema, na iwe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwaka uliofuata ufalme ukapinduliwa, jamhuri ikatenganisha dini na serikali, na jambo hilo likalala miaka thelathini hivi.

Walioliamsha ni waamini walei. Mwaka 1923 waliendesha wiki nzima ya kuchangisha fedha. Mhandisi Heitor da Silva Costa alikwisha kuchora Kristo mwenye msalaba mkononi na dunia mkono wa pili. Baadaye akaviacha vyote viwili, ikabaki mikono iliyonyooshwa, na mwili wenyewe ukawa msalaba. Paul Landowski, mchongaji wa Ufaransa, alifinyanga kichwa na mikono jijini Paris. Uso ni kazi ya Gheorghe Leonida kutoka Romania. Saruji na vyuma vilipandishwa kwa treni ya mlimani iliyokuwepo tangu 1884.

Lakini kazi inayonigusa kuliko zote ilifanywa na akina mama. Saruji tupu ilikuwa mbaya machoni, hivyo Silva Costa akachagua kuivisha jiwe la sabuni, la jamii ile ile wanayochonga mafundi wa Kisii kule Kenya: laini kwa kisu, gumu mbele ya jua na mvua. Lilikatwa vipande vidogo vya pembetatu. Akina mama wa Rio waliketi wakivigundisha kimoja kimoja kwenye vitambaa, vitambaa vikapelekwa mlimani kubandikwa. Wengine waliandika nyuma ya jiwe majina ya watu wao. Majina hayo bado yamo humo, yamefunikwa kati ya jiwe na saruji.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931: kimo mita 30 bila kuhesabu kitako cha mita 8, mikono mita 28 kutoka ncha hadi ncha. Mwaka 1957 Lubango, Angola, nako kukasimamishwa Kristo Mfalme mlimani, mikono wazi vilevile. Vita vya nchi ile vilimwachia makovu ya risasi.

Adui wa sanamu ya Corcovado ni radi. Sisi wa Sake, mashariki mwa Kongo, hatuhitaji kuelezwa nguvu yake: uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa 2016 uliitaja Sake kati ya sehemu kumi zinazopigwa na radi zaidi duniani. Kule Rio, Januari 2014 radi ilivunja ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia wa sanamu. Mafundi wakapanda kwa kamba, wakatengeneza.

Tangu 2006 mahali hapo ni patakatifu rasmi pa Jimbo Kuu la Rio. Chini ya miguu ya sanamu kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Aparecida, ambako watoto hubatizwa na ndoa hufungwa. Katika ukarabati wa 2010 vilihitajika vipande vya mawe zaidi ya 60,000 kutoka machimbo yale yale ya zamani. Jiwe jeupe la mwanzo limekuwa adimu, kwa hiyo kila ukarabati huacha sanamu na rangi iliyokolea zaidi kidogo.