Suala la Ardhi katika Hadithi Fupi: Madongoporomoka na Kibera

Hadithi fupi huchukua tukio moja na kulitwika mzigo wa jamii nzima. Katika Damu Nyeusi, mkusanyiko uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, mzigo huo ulikuwa, pamoja na mengine, ubaguzi wa rangi ughaibuni, anaokumbana nao Fikirini. Tumbo Lisiloshiba, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka wa 2016, ulirejesha macho yetu kwenye mitaa ya mabanda.

Watahiniwa wengi wanapoijadili hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina, hukimbilia kuandika “umaskini”. Makala haya yanashikilia kwamba suala kuu pale ni haki ya ardhi. Tuilinganishe na “Ndoto ya Mashaka” ya Ali Abdulla Ali. Mashaka ni bawabu wa Tandale, na adui yake ni ujira usiotosha. Wakazi wa Madongoporomoka, kwa upande wao, wana kitu ambacho wengine wanakitamani. Ndiyo maana Said A. Mohamed anamleta Jitu, anayekula chakula chote cha Mkahawa Mshenzi na kuahidi kurudi kesho. Njaa imo katika hadithi hii, ila mwenye tumbo lisiloshiba ni yule aliyenacho tayari.

Historia ya Kibera inatusaidia kuelewa kwa nini mkazi hubaki bila kinga. Askari Wanubi wa jeshi la KAR waliruhusiwa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hawakupewa hati. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Ni mwaka wa 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, nyumba na shule kadhaa za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata.

Hata hivyo, tusidai kwamba Madongoporomoka ndiyo Kibera. Mwandishi ni mzaliwa wa Pemba, na hadithi ilitangulia ubomoaji huo kwa miaka miwili. Kinachofanana ni utaratibu: watu wanajenga, wanazaa na kuzeeka mahali ambapo karatasi haiwatambui, kisha “maendeleo” yanafika na tingatinga.

Mwanafunzi wa Olympic anaujua utaratibu huu kabla hajafungua kitabu. Tumfunze kuutaja kwa istilahi za fasihi. Jibu bora litaonyesha kwamba Jitu ni ishara ya mnyakuzi, kwamba tumbo ni istiari ya tamaa, na kwamba Mzee Mago, anayewahimiza wenzake watetee ardhi yao, ni mhusika mwenye msimamo. Mwanafunzi akiishia kwenye “umaskini”, atapoteza alama. Zaidi ya hayo, atakuwa amekubali kwamba aliyebomolewa nyumba alijiletea kwa kuwa fukara, na mbomoaji hatatajwa kabisa.