Mgeni Mdogo, Fomu Ndefu

Umefika nchi ya watu. Viza ni ya matembezi, miezi mitatu. Dola zako ni halali, umezitolea jasho, na hutaki kutembea na noti ndani ya soksi. Unaingia benki kufungua akaunti. Pasipoti unayo. Mara unaulizwa: bili ya umeme yenye jina lako iko wapi? Namba yako ya mlipa kodi je? Fedha hizi umezipata wapi? Umefikia kwa binamu, bili ina jina la mwenye nyumba, namba ya kodi huna. Unaambiwa samahani, unaonyeshwa mlango.

Wengi wetu tukikutana na hilo tunasema ni ubaguzi, basi. Ubaguzi upo, sibishi. Lakini fomu ile ina historia yake, na haikuandikwa kwa sababu ya watu kama mimi na wewe. Iliandikwa kwa sababu ya vigogo.

Tuanzie Uswisi. Kwa miaka mingi mgeni aliyeshuka pale na mkoba mzito alipokewa kama bwana harusi. Mwaka 1932 polisi wa Ufaransa walivamia ofisi ya benki moja ya Uswisi jijini Paris, Basler Handelsbank, wakakuta majina ya matajiri wa Kifaransa waliokuwa wakimficha fedha mtoza kodi. Humo walikuwamo mpaka maseneta na maaskofu! Tarehe 8 Novemba 1934 Uswisi ikapitisha sheria ya mabenki iliyofanya kutoa siri ya mteja kuwa kosa la jinai.

Kuna hadithi tamu kwamba sheria ile ilitungwa kuwalinda Wayahudi dhidi ya Hitler. Wanahistoria wameikataa. Ilitokana na msukosuko wa mabenki wa miaka ile na kashfa kama hiyo ya Paris. Ni kweli Wayahudi wengi walipeleka akiba zao kule. Lakini baada ya vita, watoto wao walipokwenda kuzidai, baadhi waliambiwa walete cheti cha kifo cha mzazi. Jamani, Auschwitz ilikuwa ikitoa vyeti? Ilichukua zaidi ya miaka hamsini, hadi 1998, kwa mabenki makubwa ya Uswisi kukubali kulipa dola bilioni 1.25.

Sasa linganisha na mgeni mwingine. Machi 1968 Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino na mkewe Imelda walifungua akaunti Credit Suisse, Zurich, kwa majina ya "William Saunders" na "Jane Ryan". Benki ilijua fika ni akina nani, maana kwenye karatasi za sahihi yapo majina ya kweli na ya bandia. Hakuna aliyewauliza bili ya umeme. Walipokimbia nchi Februari 1986, baadhi ya karatasi hizo zilikutwa ikulu Manila. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Ufilipino iliamua kwamba dola milioni 658 zilizotokana na akaunti za Uswisi ni mali ya taifa.

Na sisi Afrika tulikuwa na wetu. Sani Abacha wa Nigeria alikufa 1998, na Uswisi ikaja kurudisha mamia ya mamilioni ya dola. Mobutu alipoangushwa 1997, zilipatikana faranga za Uswisi kama milioni 7.7 tu. Mwaka 2009 hata hizo zilikabidhiwa kwa familia yake, kwa kuwa muda wa kisheria wa kesi ulikuwa umepita. Mkongo wa kawaida hakuona hata senti.

Kashfa kama hizi ndizo zilizozaa masharti. Mwaka 1977, baada ya kashfa ya tawi la Credit Suisse mjini Chiasso, mpakani na Italia, mabenki ya Uswisi yalikubaliana kumtambua kila mteja kabla ya kupokea fedha zake. Mwaka 1989 nchi tajiri ziliunda FATF, chombo cha kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, wakati huo shabaha ikiwa fedha za dawa za kulevya. Tawi la kanda yetu, ESAAMLG, lilizinduliwa Arusha 1999, na makao yake yapo Dar es Salaam. Kisha ikaja Septemba 11, 2001. Ilibainika kwamba watekaji wa zile ndege walifungua akaunti Marekani kwa majina yao halisi, pasipoti mkononi. Kuanzia Oktoba 2003 mabenki ya kule yakatakiwa kuthibitisha utambulisho wa kila mteja mpya.

Tanzania ilitunga sheria yake ya fedha haramu 2006. Miaka miwili baadaye waziri wetu mmoja alijiuzulu baada ya kuripotiwa kwamba ana zaidi ya dola milioni moja Jersey. Alikanusha kwamba ni za rushwa, akaziita "vijisenti". Oktoba 2022 FATF ikaiweka nchi yetu kwenye orodha ya kuangaliwa kwa karibu, na tukatoka Juni 2025. Nchi ikiwa kwenye orodha ile, pasipoti yako huangaliwa mara mbili, hata kama hujawahi kuiba kuku.

Hapa ndipo pananiuma. Mara nyingi kinachodaiwa dirishani kinazidi kilichoandikwa kwenye sheria. Kanuni ya Marekani inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya utambulisho; kwa mgeni, namba ya pasipoti na nchi iliyoitoa inakubalika. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 inampa haki ya akaunti ya msingi mtu anayeishi humo kihalali, hata asiye na anwani ya kudumu, hata anayeomba hifadhi. Lakini benki inaogopa faini, na mteja mwenye dola mia tatu haiingizii faida ya kutosha kulipia kazi ya kumchunguza. Njia rahisi ni kumkataa. Kigogo ana wakili na kampuni iliyosajiliwa kisiwani, na fomu zake hujazwa na watu aliowaajiri.

Kwa hiyo, wewe unayefunga mizigo kwenda shule au matembezi, beba barua ya benki yako ya nyumbani, taarifa ya akaunti ya miezi michache, na barua ya chuo au ya mwenyeji wako. Ukikataliwa, usitoke kimya. Uliza kwa adabu: "Sharti hili ni la sheria au ni la benki yenu?" Kama ni la benki, vuka barabara ujaribu ya pili.