Sehemu ya 4: Edel Quinn, saa mbili kwa wiki, na kifua kikuu

Tunaendelea na historia ya vyama vya kitume parokiani. Leo ni zamu ya Legio ya Maria.

Hawa mnawajua. Ukijifungua, kabla hujamaliza arobaini, utagongewa hodi na watu wawili wenye rozari mkononi. Watakaa, watakusikiliza, watasali na wewe, watamwangalia mtoto, kisha wataondoka. Hawaleti sabuni wala kilo ya sukari. Wengine mmeniambia mnawaona wabahili. Ngojeni, tutafika huko.

Kinachonifurahisha mimi kama muuguzi ni kwamba Legio ilianzia wodini. Jioni ya tarehe 7 Septemba 1921, mkesha wa sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, wanawake wapatao kumi na watano walikutana katika nyumba iitwayo Myra House, jijini Dublin, Ireland. Walikuwa na padre mmoja, Michael Toher, na kijana mtumishi wa serikali, Frank Duff, aliyekuwa na miaka 32. Wengi walikuwa wasichana wanaofanya kazi, si watu wa vyeo. Mmoja aliyewahi kufika alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka sanamu ya Mama Maria, maua na mishumaa. Hakuambiwa na mtu. Mpaka leo, uende Songea au Kisumu, meza ya Walegio inapangwa hivyohivyo.

Kazi ya kwanza waliyojipangia ilikuwa kutembelea wanawake wagonjwa katika hospitali ya maskini iliyoitwa South Dublin Union, wakiwemo wenye saratani. Waende wawili wawili, na wiki inayofuata kila mmoja atoe taarifa: nilikwenda, nilikuta hivi. Ndiyo hiyo tu. Ukiijua wodi ya saratani unaelewa uzito wake. Siku hizo hakukuwa na dawa nyingi za kumpa mgonjwa wa namna ile, kwa hiyo mtu kukaa kando ya kitanda chake lilikuwa jambo kubwa.

Sasa ule ubahili. Legio ina kanuni kwamba wanachama wake hawatoi msaada wa vitu. Duff alikuwa ametokea chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kazi yake ni kusaidia maskini kwa vitu, kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua njaa. Lakini mgeni akija na mfuko, macho yote yanakuwa kwenye mfuko. Na yule aliye na kidogo anaanza kuona aibu kutembelewa, eti majirani watasema ameishiwa. Mimi naiona kanuni hii ina busara, ila ina makali yake. Ukimkuta mzazi ana siku tatu hajala uji wa maana, rozari peke yake haitatoa maziwa. Walegio wenye akili wakikuta hali hiyo hupeleka habari kwa jumuiya au Caritas ya parokia siku hiyohiyo. Kama kwenu hawafanyi hivyo, waulizeni kwa upole.

Kuna nyumba yao moja mama anayelea peke yake asiikose kuijua. Mwaka 1930 Legio ilifungua hosteli ya wanawake wasio na makazi Dublin, ikaitwa Regina Coeli, Malkia wa Mbingu. Ireland ya wakati ule, msichana akizaa bila ndoa alifichwa, na mara nyingi alitenganishwa na mtoto wake. Pale Regina Coeli mama aliruhusiwa kukaa na mwanawe na kumlea mwenyewe. Lilikuwa jambo la nadra sana katika nchi ile, na kuna watu wa dini hawakupendezwa. Nisiwapambie lakini. Katika miaka ya 1930 na 1940 watoto wengi wachanga walifariki ndani ya nyumba ile. Muuguzi yeyote anajua watoto wachanga wengi chini ya paa moja maana yake nini: akihara mmoja, wanahara wote. Mapenzi mema bila maji safi na nafasi ya kutosha huzika watoto. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Haya, twende kwa dada yetu Edel.

Edel Quinn alizaliwa Kanturk, Ireland, tarehe 14 Septemba 1907. Baba yake alifanya kazi benki. Yeye alikuwa karani ofisini, mcheshi, mcheza tenisi. Bosi wake Mfaransa alimchumbia, akakataa, maana alikuwa ameshaamua moyoni kuingia utawa wa Waklara Maskini. Wakati akisubiri aliingia Legio, akapewa kuongoza kundi lililowatembelea wanawake waliouza miili yao. Wazee walishangaa: binti mdogo hivi? Akafanya.

Mwaka 1932, karibu na siku za kuingia konventi, alitema damu. Kifua kikuu. Akalazwa sanatoria ya Newcastle kwa miezi 18, akatoka bila kupona kabisa kwa kuwa gharama ziliilemea familia. Ndoto ya utawa ikaishia hapo.

Hapa niingilie kidogo kama nesi. Siku hizo tiba ya kifua kikuu ilikuwa hewa safi, chakula na kupumzika. Dawa ya kuua wadudu wake haikuwepo. Chanjo ya BCG ilikuwa changa: mtoto wa kwanza kuipata aliipata Paris mwaka 1921, mwaka uleule Legio ilipozaliwa. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Lile kovu dogo mkononi mwa mwanao lina historia yake, msilidharau.

Basi, mwaka 1936 Legio ilitafuta mjumbe wa kuja Afrika Mashariki, na Edel akajitolea. Kulikuwa na ubishi, na mimi nawaelewa waliobisha. Ningekuwa muuguzi wake ningegoma. Mgonjwa wa mapafu, miaka 29, mwanamke peke yake, safari ya meli na barabara za vumbi! Lakini alikuwa ameshapima maisha yake kwa namna nyingine kabisa. Kitandani asingepona, hilo alilijua. Akapanda meli mwezi Oktoba, akashukia Mombasa, akaenda Nairobi.

Nairobi ya mkoloni ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Mzungu huku, Mwasia kule, Mwafrika mbali. Aliambiwa mpango wake hauwezekani. Akaanzisha makundi, ambayo Walegio huyaita presidiumu, na viongozi wa makundi wakaketi katika kikao kimoja, Mwafrika, Mgoa na Mzungu mezani pamoja. Fikiria mama wa Kiafrika wa miaka ile anasimama kutoa taarifa ya kazi yake na Mzungu anamsikiliza hadi mwisho. Kwangu mimi hilo linazidi idadi yote ya presidiumu alizoacha.

Kutoka hapo alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika yetu, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, hadi kisiwa cha Mauritius. Gari lake bovu, barabara matope, uzito wake ukipungua kila mwaka. Mwaka 1941 mwili ulikataa, akapelekwa kulazwa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa 1943 alirudi Nairobi, akaendelea polepole.

Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na miaka 36. Watafiti walikuwa wamegundua streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuua kifua kikuu, miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 1943, huko Marekani. Haikumfikia. Na tarehe 12 Mei ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, Siku ya Wauguzi Duniani. Kila mwaka siku hiyo, wenzangu wakikata keki, mimi namkumbuka mgonjwa huyu. Kaburi lake lipo Msongari, Nairobi, na tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtumishi wa Mungu huyu kuwa Mheshimiwa.

Angalizo kwa wasomaji wa Kenya: msichanganye na kanisa la Legio Maria lililoanza kwa Waluo mapema miaka ya 1960. Jina lilichukuliwa kwenye chama hiki, lakini lile ni kanisa linalojitegemea.

Mmeniuliza pia kama mama anayenyonyesha anaweza kujiunga. Mwanachama hai anatakiwa mkutano kila wiki na kazi ya saa mbili hivi. Ukiwa na mtoto wa wiki sita, sahau. Kuna wanachama wasaidizi, ambao kazi yao ni kusali rozari na sala za Legio kila siku popote walipo, hata unaponyonyesha saa nane za usiku. Ukipata nguvu utahamia upande wa pili.

Na mkitembelea wagonjwa: anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayekonda, anayetoka jasho usiku, mwambieni aende apime. Dawa zipo kituo cha afya na ni bure. Nyumba ikiwa na mtoto chini ya miaka mitano, mtoto naye apelekwe kuangaliwa, hata kama anacheza vizuri.

Sehemu ya 5 ni Mama Kevina wa Nsambya, Uganda, aliyeanza kutibu watu chini ya mwembe. Huyo wakunga wenzangu mtampenda.