Swali la Mzee Ndangoya

Mei 1966, Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia barua Askofu Dennis Durning wa Arusha. Misheni ya Loliondo ilikuwa na shule na hospitali, na Wamasai walifika kusomesha watoto na kutibiwa. Hata hivyo, Donovan hakuweza kumtaja Mmasai mtu mzima hata mmoja aliyeushika Ukristo. Aliomba ruhusa ya kuyaacha hayo yote, aende bomani kuzungumza nao habari za Mungu tu.

Historia ya Loliondo imo katika mazungumzo ya asubuhi, wazee wameketi, ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni. Donovan alipokwenda bomani, Ndangoya, mzee wa Kimasai, alimuuliza swali zito: kama habari za Mungu ndizo zilizowaleta mapadri, mbona wamekaa miaka yote hiyo bila kuzisema?

Donovan alizifundisha jamii kadhaa, kila moja siku yake ya juma, kwa takriban mwaka mzima. Moja ilikataa, naye akaheshimu uamuzi wao akaondoka. Kwa kina Ndangoya alitaka kuchagua wa kubatizwa: huyu hakuhudhuria vya kutosha, yule ni mzito wa kuelewa. Ndangoya akamkatiza. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, alisema, na wazito wakasaidiwa na wepesi. Kwa nini padri awagawe watu waliojifunza pamoja? Donovan akasalimu amri, akawabatiza wote.

Misa yao ilianzia nje. Mtu alipokea fumba la nyasi, alama ya amani kwa Wamasai, akampa mwenzake, nyasi zikazunguka boma zima. Zikikwama kwa mtu asiyetaka kumsamehe jirani, siku hiyo hapakuwa na Misa.

Donovan aliyasimulia haya katika kitabu cha mwaka 1978, ambacho bado kinasomwa na wamisionari wa mabara mengi. Jina lake limekuwa kubwa, na anastahili. Lakini mtu aliyeamua jamii ile ya Wakristo iwe ya namna gani ni Ndangoya, na naona haki yake ni kutajwa kwanza kila historia hii inaposimuliwa.